Faili likirudishwa kwa daktari: tulivyolishughulikia tukiwa Dodoma

Mdogo wangu alinipigia simu saa tatu usiku, sauti imemshuka. "Dada, barua ya Washington imefika. Kesi wameipeleka rumande." Mama alikuwa ameketi pembeni yangu anachambua karanga, akalidaka neno hilo moja tu, akaanza kulia. Kwetu Kikuyu, hapa Dodoma, rumande wanapelekwa wanaosubiri kesi ya wizi wa ng'ombe, na mwanawe yuko Hombolo kwenye zabibu zake, amekosa nini?

Nikambembeleza kwamba neno la Kiingereza, "remand", ndilo lilelile lililotupa rumande, ila kwenye rufaa lina kazi nyingine. Bodi ya Rufaa ya Maveterani ya Marekani, yaani askari wao wa zamani, ikiona dai la fidia haliwezi kuamuliwa kwa sababu kuna kazi iliyorukwa huko chini, kwenye ofisi iliyoliamua kwanza, haisemi ndiyo wala hapana. Inalirudisha faili na maagizo: fanyeni hiki na hiki, halafu mwamue upya. Mara nyingi kilichorukwa ni uchunguzi wa daktari, au ulifanyika lakini haukujibu kilichoulizwa.

Mimi ni nesi mstaafu. Jeshi silijui, lakini mafaili ya wagonjwa nimeyashika zaidi ya miaka thelathini. Huyu kitinda mimba wetu alipata viza ya bahati nasibu, akajiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2008, akawa fundi wa malori hadi 2016. Aliporudi nyumbani alikuja na goti la kulia bovu na mgongo unaomshika. Dai aliliwasilisha VA, ndiyo idara yao ya maveterani, mwaka 2021. Likakataliwa, akakata rufaa, na baada ya kusubiri ndiyo ikaja hiyo "rumande". Tangu habari zisambae nimeshapigiwa na watu watatu, mmoja wa Singida, wenye ndugu zao kwenye hali hiyohiyo. Nimechoka kurudia kwenye simu, kwa hiyo naandika.

Anza kusoma mwishoni

Barua ya Bodi ni ndefu na ina Kiingereza cha mahakamani. Usianzie ukurasa wa kwanza, utalala. Nenda mwisho kabisa, penye namba 1, 2, 3. Hapo ndipo Bodi inaiambia ofisi ya chini ifanye nini, na hapo ndipo utajua faili lako lilikwama wapi. Ya kwetu niliyageuza Kiswahili nikayaandika kwenye daftari, kila agizo ukurasa wake.

La kwanza: daktari wa mwanzo aliandika kwamba goti halihusiani na jeshi kwa sababu kwenye faili la jeshi hakuna matibabu ya goti. Basi, kaishia hapo. Bodi ikasema haitoshi. Mdogo wangu alikuwa ameeleza kwa maandishi kwamba aliruka kutoka kwenye lori, goti likageuka, akaendelea na kazi huku akimeza vidonge. Daktari hakuyagusa maelezo hayo. Mahakama yao ya maveterani iliamua mwaka 2007, kwenye kesi ya Dalton dhidi ya Nicholson, kwamba daktari hawezi kuyaruka maelezo ya mwenyewe askari na kuegemea ukimya wa faili peke yake.

La pili: goti lipimwe upya kikamilifu, askari akilikunja mwenyewe, daktari akilikunja kwa mkono wake, likiwa limebeba uzito na likiwa halijabeba, na lile jingine lipimwe pia kwa kulinganisha. Hilo nalo lina kesi yake, Correia dhidi ya McDonald, ya 2016.

La tatu ndilo lililonifurahisha mimi kama nesi. Kuhusu mgongo, daktari alijibu kwamba goti *halikuusababisha*. Hakujibu kama goti *limeuzidisha*. Haya ni maswali mawili tofauti, na kanuni yao, kifungu 3.310, inayataka yote mawili. Mtu anaweza kuwa na mgongo wake wa umri, lakini kuchechemea miaka kumi kukauharibu zaidi.

Kazi yetu yote kuanzia hapo ilikuwa kurasa hizo tatu. Mdogo wangu alitaka kuandika upya historia nzima ya maisha yake jeshini, pamoja na sajenti aliyemnyima likizo. Nikamwambia sajenti hajaulizwa.

Jambo moja la kuangalia mapema ni tarehe ya uamuzi wa kwanza uliokukataa. Mfumo wa rufaa ulibadilika tarehe 19 Februari 2019. Kwa kesi za mfumo wa zamani, kazi ikimalizika chini na bado ukanyimwa, faili hurudi lenyewe Bodi. Kwa mfumo mpya halirudi. Unapewa uamuzi mpya, na una mwaka mmoja wa kuchagua njia: kuongeza ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu aupitie, au kwenda Bodi tena. Ukikaa ukidhani faili linapanda lenyewe, mwaka unaisha na tarehe yako ya mwanzo, ambayo ndiyo malipo huhesabiwa kutoka hapo, inapotea. Na kule kurudishwa kwenyewe hakukatiwi rufaa mahakamani, maana bado si uamuzi wa mwisho. Usipoteze hela ya wakili kwa hilo.

Pokea simu za +1

Huku tumezoea kwamba namba ya nje usiyoijua ni utapeli. Sasa kwa miezi hii, pokea. Madai ya wengi wanaoishi nje ya Marekani hushughulikiwa na ofisi ya VA ya Pittsburgh, na uchunguzi hupangwa na kampuni au madaktari wenye mkataba nao. Watakutafuta kwa simu, barua pepe na anwani ulizowapa. Sanduku la posta la ofisini kwa shemeji ambaye alishahamia Mtumba halifai. Tulibadilisha anwani na namba siku ileile barua ilipofika. Ukitaka kuwapigia wewe, kwao saa tatu asubuhi ni kwetu saa kumi jioni, na kipindi chao cha baridi ni saa kumi na moja.

Usipotokea siku ya uchunguzi bila sababu nzuri, ama wataamua kwa karatasi zilizopo tu, ama watalikataa dai, kutegemea ni dai la aina gani. Sababu nzuri kanuni imezitolea mfano: ugonjwa, kulazwa, kifo cha ndugu wa karibu. Siku aliyopangiwa mdogo wangu iliangukia msiba wa mjomba wetu, Kondoa. Kwetu mjomba ni mzazi, lakini sikutaka kubahatisha kama na wao wanahesabu hivyo. Alipiga simu *kabla* ya siku yenyewe, akaeleza, akapewa tarehe nyingine, akaandika jina la aliyeongea naye na saa. Kisha ndiyo tukapanda gari kwenda kuzika.

Madaftari ya zahanati

Mnayajua, yale madaftari madogo ya shule ambayo mgonjwa anatembea nayo, daktari anaandika humo. Mdogo wangu alikuwa nayo manne tangu 2020, moja limeliwa kona na panya. Alitaka kuyaacha, anaona aibu. Hayo ndiyo ushahidi kwamba goti linauma mfululizo na hakuliamsha juzi kwa ajili ya fidia. Piga picha kila ukurasa, na jalada lenye jina.

Ila kuna mitego miwili ambayo Mmarekani hataijua usipomwambia.

Wa kwanza ni tarehe. Kwetu 4/7/2021 ni tarehe nne Julai. Kwao ni tarehe saba Aprili. Kwenye daftari moja palikuwa na 4/7, 9/7 na 23/7. Ukizisoma kwao, mbili za kwanza zinakwenda Aprili na Septemba, na ya tatu haipo kwenye kalenda yoyote duniani. Niliandaa karatasi ya juu yenye orodha: kila hudhurio, mwezi kwa jina lake, dawa aliyopewa, na nambari ya ukurasa.

Wa pili ni jina. Jeshini alijulikana kwa jina la babu. Zahanati wamemwandika jina la baba, tena kwa herufi mbili tofauti, na mahali pamoja ni jina la nyumbani tu. Barua fupi yenye sahihi yake ikaeleza kwamba hao wote ni mtu mmoja, ikiwa na nakala ya pasipoti na ya DD 214, ile hati ya kuachia jeshi.

Maandishi mengi ya madaktari wetu ni ya Kiingereza, hivyo hayahitaji tafsiri. Yanahitaji macho. Pale palipokuwa na mwandiko wa kuku nilichapa chini yake kile kilichoandikwa. Nisichokisoma nilikiacha, sikukisia.

Barua ya mama

Watu hudharau maelezo ya ndugu. Wanadhani bila muhuri wa hospitali hayana thamani. Kumbe mahakama yao ya rufaa ya shirikisho ilishasema mwaka 2006, kesi ya Buchanan, kwamba maelezo ya mtu wa kawaida hayatupwi kwa sababu tu hakuna cheti cha wakati ule. Fomu ya kuyaandikia ni 21-10210. Anayoyaandika shahidi ni aliyoyaona kwa macho au kuyasikia kwa masikio. Ugonjwa hautaji, hiyo si kazi yake.

Rasimu ya kwanza aliyotuandalia mjukuu wetu wa chuo ilisema: "Mwanangu aliteseka sana jeshini na anastahili haki yake." Maneno mazuri, hayana kitu ndani. Nikamuuliza mama, ulimwona lini mara ya kwanza ana shida? Akajibu bila kufikiri: "Alipokuja likizo, Krismasi ya 2012. Chooni."

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa bado na choo cha shimo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, tena askari, alishindwa kuchuchumaa. Mama alimsikia anagonga ukuta kwa kiganja akitafuta pa kushika. Kesho yake alimwita fundi, akakata tundu kwenye kiti cha mbao, na kiti kile kipo mpaka leo, kuku wanatagia chini yake. Kanisani alikuwa hapigi magoti, anakaa ameinama, na wazee wakamsema kwamba Marekani imempa kiburi.

Hayo yote tukayaandika, mwaka na mwezi, yeye bado akiwa jeshini. Daktari wa mwanzo alisema faili limenyamaza. Sasa lilikuwa na mama anayesema 2012. Mama alieleza kwa Kiswahili, nikatafsiri, na mwisho nikaandika kwamba mimi ndiye mtafsiri, najua lugha zote mbili, na tafsiri ni sahihi. Yeye akatia sahihi ya kwake, mimi ya kwangu. Tukavipeleka vyote, madaftari na barua, faili likiwa limesharudi ofisi ya chini na kabla ya siku ya uchunguzi, ili daktari avikute.

Barua ya daktari wa hapa

Kama una uwezo, pata na maoni ya daktari wako mwenyewe. Bingwa wa mifupa mmoja hapa mjini alitusaidia kwa moyo, lakini barua yake ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: mgonjwa ana tatizo la goti kutokana na kazi ya jeshi. Huko haina uzito. Nilirudi kwake na madaftari na kumwomba vitu vitatu. Aseme amesoma kumbukumbu zipi. Aseme uwezekano ni kiasi gani, na kipimo chao ni cha chini kuliko watu wanavyodhani: hamsini kwa hamsini inatosha, maana mizani ikilingana sheria yao inamwangukia askari. Halafu aandike *kwa nini*. Kuruka kutoka kwenye lori kunafanya nini kwenye gegedu, kwa nini maumivu yalianza mapema vile, kwa nini mtu wa umri wake asingekuwa na goti la namna hiyo bila jeraha. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Hiyo ndiyo tuliyoituma.

Siku yenyewe

Tulipangiwa Dar es Salaam. Tulipanda SGR jana yake, kwa sababu mtu mwenye goti bovu akikaa kwenye basi saa nane atafika hawezi hata kuvuliwa kiatu.

Usiache dawa zako ili uonekane mgonjwa zaidi. Wapo wanaoshauri hivyo, mimi kama nesi nakataa. Kunywa kama kawaida, kisha mwambie daktari: nimekunywa hiki saa fulani, nisipokunywa hali huwa hivi. Usijikaze pia. Huu ndio ugonjwa wa wanaume wetu. Daktari akiuliza "Hujambo?" anajibu "Sijambo, nzima kabisa," na hilo linaandikwa. Nilimfundisha njiani, kuanzia Morogoro.

Alichotakiwa kueleza ni siku mbaya: zinakuja mara ngapi kwa mwezi, zinakaa muda gani, siku hizo hawezi kufanya nini. Akasema wakati wa kupogoa mizabibu, akisimama siku mbili, siku ya tatu goti linavimba na hashuki kitandani bila fimbo. Daktari akaandika. Siku ya uchunguzi inaweza kuwa njema kwa bahati mbaya, kwa hiyo mdomo ndio unaobeba siku ambazo daktari hakuziona.

Nilikaa kwenye kiti cha kona, nimeruhusiwa, na nikakodoa macho kwenye kifaa kimoja: ile rula ya plastiki yenye mikono miwili na nyuzi zake, ya kupimia pembe ya kiungo. Kanuni zao zinakitaja waziwazi kama kitu kisichokwepeka. Mdogo wangu anakumbuka kwamba mara ya kwanza goti lilikadiriwa kwa jicho tu. Safari hii mkono mmoja wa rula ulilala juu ya paja, mwingine juu ya muundi, na daktari akasoma kwa sauti. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Likiishia 45, kiwango cha ulemavu kinacholipiwa ni asilimia 10, likiishia 30 ni asilimia 20. Lake liliishia zaidi ya hapo, lakini tangu nyuzi 80 uso ulikuwa unamkunjamana, na daktari akaandika palipoanzia maumivu. Maumivu kwenye kukunja yanaweza kumpa mtu kile kiwango cha chini kinacholipwa hata kama nyuzi peke yake hazimfikishi. Kisha akaambiwa achuchumae. Alishuka robo, akaomba meza.

Usibishane na daktari. Haamui dai, anajibu maswali tu. Kama unaona karuka swali, uliza kwa adabu. Mimi niliuliza mgongo: "Samahani daktari, na kuzidisha je?" Akageuza ukurasa, akasema ahsante mama.

Baada ya hapo

Omba nakala ya ripoti, fomu ni 20-10206. Ikifika, iweke kando ya yale maagizo ya Bodi na utie alama moja moja. Kesi ya Stegall ya 1998 inampa askari haki ya maagizo ya Bodi kutekelezwa, kwa hiyo lililorukwa ni hoja ya rufaa yako inayofuata.

Na vishoka wapo. Kuna aliyemwambia mdogo wangu ampe yeye theluthi ya malipo na kila kitu kitanyooka. Wawakilishi wa vyama vya maveterani waliosajiliwa VA husaidia bure. Mawakili waliosajiliwa wanaruhusiwa kulipwa kwenye hatua hizi za rufaa, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya haki. Asiye na usajili haruhusiwi kukutoza hela kwa kukushughulikia dai.

Uamuzi wetu ulitoka Juni 2025. Goti limekubaliwa, asilimia 10, kuanzia dai la 2021. Kwa mwaka huo ni dola 175.51 kwa mwezi, pamoja na malimbikizo, na mama ameshanunuliwa godoro. Mgongo wamekataa. Safari hii daktari amelijibu swali la kuzidisha, kasema hapana, na sababu kaandika mistari miwili ambayo bingwa wetu ameisoma na kuguna.

Mwaka mmoja unahesabiwa kutoka tarehe iliyo kwenye barua, haujali ni siku gani ulifungua sanduku. Mdogo wangu kwa furaha alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye kalenda ya ukutani siku ya mwisho ya rufaa ya mgongo: 6/12/2026. Mama akaanza kupekua kutafuta Desemba. Nikaifuta nikaandika juu yake: 12 Juni.